Fahamu Jinsi Saratani ya Mlango wa Kizazi Inavyoanza: Alama Ndogo Inayomwangamiza Mlinzi wa Seli

Mwanamke anapoambiwa hospitalini kwamba ana saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa huo kwa kawaida si mgeni mwilini mwake. Mara nyingi huwa umejijenga polepole kwa miaka 15 hadi 20, ukianzia katika seli chache zisizoonekana kwa macho. Katika miaka hiyo yote mwanamke huenda asihisi maumivu wala homa, na anaendelea na shughuli zake za shambani, sokoni au ofisini kama kawaida.

Nchini Kenya, saratani hii ni ya pili kwa idadi ya wanawake wanaougua, baada ya saratani ya matiti. Makadirio ya mwaka 2020 ya IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, yalionyesha kwamba zaidi ya wanawake 5,200 hupatikana na ugonjwa huu kila mwaka humu nchini, na zaidi ya 3,200 hufariki. Wengi wao ni akina mama ambao bado wanalea watoto na kutegemewa na familia zao.

Hata hivyo, hii ni mojawapo ya saratani ambazo chanzo chake kimechunguzwa na kueleweka hatua kwa hatua. Wanasayansi wanajua ni virusi gani vinavyoisababisha, ni protini gani inayoshambuliwa, na ni alama gani inayopachikwa juu ya protini hiyo. Ujuzi huo ndio unaoeleza kwa nini wazazi wanaombwa kumpeleka msichana wa miaka 10 kuchanjwa, na kwa nini mama asiye na dalili yoyote anahimizwa kufanyiwa uchunguzi.

Protini na alama zake

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na kazi nyingi ndani ya seli hufanywa na protini. Kuna protini zinazosafirisha oksijeni kwenye damu, zinazopigana na maradhi, na zinazoamua ni lini seli igawanyike kuwa mbili. Maagizo ya kutengeneza protini hizo yamo katika jeni takriban 20,000 ambazo mtu hurithi kutoka kwa wazazi wake.

Lakini jeni si mwisho wa mambo. Baada ya protini kutengenezwa, seli huipachika alama za kikemikali zinazobadilisha mwenendo wake. Alama moja inaweza kuiwasha protini, nyingine kuizima, nyingine kuihamisha kutoka sehemu moja ya seli hadi nyingine, na nyingine kuamuru ivunjwe. Alama hizi huwekwa na kuondolewa kila wakati, usiku na mchana, na afya ya seli hutegemea alama sahihi kuwa mahali sahihi kwa wakati ufaao.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, alama mbili ndizo muhimu kuzielewa.

Ya kwanza ni fosfeti, chembe ndogo inayofanya kazi kama swichi ya taa. Ikipachikwa juu ya protini, protini huwaka au huzima kulingana na kazi yake. Edmond Fischer na Edwin Krebs walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1992 kwa kugundua jinsi swichi hii inavyofanya kazi.

Ya pili ni ubikwitini, ambayo yenyewe ni protini ndogo yenye asidi amino 76. Kazi yake inaweza kufananishwa na alama ya X ya rangi nyekundu inayochorwa kwenye ukuta wa jengo lililo katika hifadhi ya barabara. Tingatinga likifika, dereva haulizi jengo ni la nani wala lilikuwa na kazi gani. Anaangalia alama, kisha anabomoa. Ndani ya seli, tingatinga hilo huitwa proteasomu. Protini yoyote iliyopachikwa mnyororo wa ubikwitini hupelekwa huko na kuvunjwavunjwa. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004 kwa kufichua mfumo huu.

Ubomoaji huo kwa kawaida ni jambo jema. Seli yenye afya huvunja protini zilizochakaa, zilizokunjika vibaya au zilizomaliza kazi. Matatizo huanza pale alama ya kubomoa inapochorwa kwenye jengo lisilostahili.

Mlinzi anayeitwa p53

Miongoni mwa protini zote za mwili, iliyochunguzwa sana katika utafiti wa saratani ni ile inayoitwa p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Kazi yake ni ulinzi. Seli inapojiandaa kugawanyika, p53 husaidia kuhakikisha kwamba DNA, yaani maandishi yenye maagizo yote ya uhai, haijaharibika. Ikipata hitilafu, husimamisha mgawanyiko ili marekebisho yafanywe. Hitilafu ikiwa kubwa kupita kiasi, p53 huiamuru seli hiyo ijiue kuliko kuiacha izae seli nyingine zenye kasoro.

Katika seli tulivu, p53 haihitajiki kwa wingi. Kwa hiyo protini nyingine iitwayo MDM2 huipachika alama ya ubikwitini mara kwa mara, na kiasi chake hubaki kidogo. DNA inapopata madhara, seli huipachika p53 alama za fosfeti. Alama hizo huizuia MDM2 kuishika, p53 hurundikana haraka, na ulinzi huimarishwa. Ni mfano mzuri wa jinsi alama mbili zinavyofanya kazi kwa zamu: moja huondoa mlinzi asiyehitajika, nyingine humwokoa anapohitajika.

Katika takriban nusu ya saratani zote za binadamu, jeni ya p53 yenyewe huwa imeharibika, hivyo mlinzi anayetengenezwa ni mbovu. Saratani ya mlango wa kizazi ni tofauti. Katika nyingi ya saratani hizi, jeni ya p53 ni nzima na seli inaendelea kutengeneza mlinzi aliye sawa. Tatizo ni kwamba mlinzi huyo anapachikwa alama ya kubomolewa mara tu anaporipoti kazini.

Jinsi HPV inavyotumia alama za seli

Anayeichora alama hiyo hutoka nje. Virusi vya HPV viko vya aina zaidi ya 200, na nyingi hazina madhara makubwa. Baadhi husababisha chunjua au sugu za sehemu za siri. Aina chache, hasa HPV 16 na HPV 18, ndizo hatari zaidi, na hizo mbili pekee husababisha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Mwanasayansi wa Ujerumani Harald zur Hausen, ambaye maabara yake ilizitambua aina hizo mbili mwaka 1983 na 1984, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

HPV huambukizwa kwa kugusana kwa ngozi wakati wa kujamiiana. Watu wengi, wanaume kwa wanawake, huambukizwa wakati fulani maishani bila kujua. Kwa hiyo kupatikana na virusi hivi si ushahidi wa mwenendo mbaya, na hakuna mwanamke anayepaswa kuona aibu kwa sababu ya matokeo ya uchunguzi.

Virusi vya HPV haviwezi kujizalisha vyenyewe. Vinahitaji mitambo ya seli inayogawanyika. Shida yao ni kwamba seli nyingi za ngozi ya juu ya mlango wa kizazi huwa zimeacha kugawanyika. Ili kuziamsha, virusi hutengeneza protini mbili zinazoitwa E7 na E6.

E7 huanza na protini ya seli iitwayo Rb. Rb ni kama kizuizi cha barabarani: ikiwa imeshuka, seli haiwezi kupita kuelekea kwenye mgawanyiko. Katika hali ya kawaida, kizuizi hicho huinuliwa kwa alama za fosfeti pale tu mwili unapohitaji seli mpya. E7 haingoji ruhusa hiyo. Huinyakua Rb, huiondoa njiani na kusababisha ivunjwe, na seli huanza kugawanyika bila kuamriwa.

Hali hiyo isiyo ya kawaida ingemwamsha mlinzi p53 mara moja, naye angeisimamisha seli au kuiua. Hapo ndipo E6 inapoingia. E6 haina uwezo wa kupachika ubikwitini peke yake, kwa hiyo huungana na kimeng'enya cha seli yenyewe kinachoitwa E6AP, ambacho kazi yake halali ni kuchora alama za kubomoa kwenye protini nyingine. E6 humshika mchoraji huyo mkono na kumpeleka kwenye ukuta wa kituo cha polisi. p53 hupachikwa alama, proteasomu hufika, na mlinzi huvunjwa. Watafiti nchini Marekani walionyesha jambo hili maabarani mwaka 1990: E6 kutoka HPV 16 na 18 ilisababisha p53 kuvunjwa, ilhali E6 kutoka aina zisizo hatari haikufanya hivyo.

Virusi havina nia ya kuleta saratani. Vinatafuta tu mahali pa kujizalisha. Lakini seli iliyobaki bila kizuizi na bila mlinzi huendelea kugawanyika huku makosa ya DNA yakirundikana, mwaka baada ya mwaka, bila wa kuyasahihisha. Baadhi ya makosa hayo ndiyo hatimaye huigeuza kuwa seli ya saratani.

Ushahidi kutoka kwa seli za Henrietta Lacks

Mojawapo ya thibitisho kubwa za maelezo haya limetokana na seli za mwanamke mmoja. Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi na mama wa watoto watano, alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore mwaka 1951. Alifariki Oktoba mwaka huo akiwa na umri wa miaka 31. Seli zilizochukuliwa kutoka kwenye uvimbe wake, bila yeye kuombwa idhini, zilikuwa za kwanza za binadamu kuendelea kukua maabarani bila kikomo. Zinaitwa HeLa na bado zinatumika duniani kote. Suala la idhini yake limekuwa funzo muhimu kuhusu haki za wagonjwa katika utafiti.

Katika miaka ya 1980, ilibainika kwamba seli za HeLa zina sehemu za HPV 18 ndani yake. Kisha mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walizima E6 na E7 ndani ya seli hizo. Ingawa zilikuwa zimegawanyika kwa karibu miaka 50, p53 na Rb zilirejea kazini, na seli zikaacha kukua. Hii ilionyesha kwamba mlinzi hakuwa ametoweka. Alikuwa anatengenezwa muda wote huo, na kuvunjwa muda wote huo.

Miaka mingi ya nafasi

Si kila aliyeambukizwa HPV hupata saratani. Katika maambukizi tisa kati ya kumi, kinga ya mwili huvishinda virusi ndani ya takriban miaka miwili, na alama hurudi kuwa za kawaida. Hatari iko kwa wachache ambao virusi vya aina hatari huendelea kukaa mwilini mwao.

Kwa mwanamke mwenye kinga imara, safari kutoka maambukizi hadi saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye hajapata matibabu, inaweza kuchukua miaka mitano hadi 10 tu. WHO inasema kwamba wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI wana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani hii wakilinganishwa na wengine. Kuvuta sigara pia huongeza hatari.

Miaka hiyo ni nafasi, na kuna njia mbili za kuitumia: kuzuia E6 na E7 zisiingie kabisa, au kuzitafuta seli zilizoshaanza kubadilika na kuziondoa kabla hazijawa saratani.

Njia ya kwanza: chanjo

Chanjo ya HPV hutengenezwa kwa kutumia protini moja ya ganda la nje la virusi. Maganda hayo ni matupu. Hayana DNA ya virusi, hayana E6 wala E7, na kwa hiyo hayawezi kuambukiza wala kuanzisha saratani. Kazi yake ni kuufundisha mwili kulitambua ganda hilo, ili virusi halisi vikija siku moja vinaswe kabla havijaingia ndani ya seli.

Hilo ndilo linaloeleza umri wa miaka 10. Chanjo huzuia virusi kuingia, lakini haiwezi kuviondoa vilivyokwisha kuingia. Inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla msichana hajakutana na HPV, na katika umri huo mwili pia hujenga kinga imara sana. Mzazi anayempeleka binti wa miaka 10 hamruhusu kuanza mambo ya watu wazima. Anamwekea akiba ya afya atakapokuwa mama wa miaka 40, sawa na mtoto mchanga anavyochanjwa dhidi ya pepopunda kabla hajakanyaga msumari.

Matokeo yake yameshaonekana. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba miongoni mwa wanawake waliopewa fursa ya chanjo wakiwa na miaka 12 na 13, visa vya saratani ya mlango wa kizazi vilipungua kwa asilimia 87 wakilinganishwa na waliozaliwa kabla ya mpango huo. Nchini Uswidi, utafiti wa mwaka 2020 uliwapata waliochanjwa kabla ya kufikisha miaka 17 wakiwa na hatari iliyopungua kwa asilimia 88.

Kenya nayo imechangia ujuzi huu. Utafiti unaojulikana kama KEN SHE, ulioihusisha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, uliwashirikisha wasichana na wanawake vijana 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 katika maeneo ya Kisumu, Thika na Nairobi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi moja tu ilizuia maambukizi mapya ya kudumu ya HPV 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Mwaka huohuo WHO ilitangaza kwamba nchi zinaweza kutumia ratiba ya dozi moja kwa wasichana na wanawake vijana wa miaka 9 hadi 20. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanahitaji zaidi ya dozi moja.

Mpango wa kitaifa wa chanjo hii ulizinduliwa Oktoba 2019, ukiwalenga wasichana wa miaka 10, kwa dozi mbili zilizoachana kwa miezi sita. Chanjo hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Mzazi ambaye binti yake alikosa au alipata dozi moja pekee anashauriwa kuuliza katika zahanati iliyo karibu kuhusu ratiba inayotumika sasa.

Njia ya pili: uchunguzi

Kwa mama ambaye hakupata chanjo alipokuwa msichana, uchunguzi ndio ngao yake. Wanaolengwa zaidi nchini ni wanawake wa umri wa miaka 25 hadi 49. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI huchunguzwa mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Kuna vipimo vya aina tatu. Kipimo cha HPV hutafuta virusi vyenyewe vya aina hatari, na mara nyingi mwanamke anaweza kuchukua sampuli mwenyewe kwa kutumia kijiti laini chenye pamba. Kipimo cha Pap hutazama seli kwa darubini. Cha tatu hutumia siki: mhudumu hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kwa macho. Sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe ndani ya dakika chache, na mama hupata majibu siku hiyohiyo.

Sehemu kama hiyo ikipatikana, haimaanishi kwamba mama ana saratani. Ina maana kwamba seli zimeanza kupotea njia, na sasa zinaweza kuondolewa. Mhudumu anaweza kuzigandisha kwa baridi kali au kuziunguza kwa kifaa cha joto, kazi inayochukua dakika chache na isiyohitaji mama kulazwa. Zikiwa zimeenea zaidi, hukatwa kwa waya mwembamba wenye umeme. Hatua hizi huondoa seli ambazo mlinzi wake ameangushwa, miaka mingi kabla hazijawa uvimbe.

Mama anayesubiri dalili hupoteza nafasi hiyo. Damu baada ya tendo la ndoa, damu kati ya hedhi mbili au baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu mbaya ukeni na maumivu ya nyonga au kiuno yasiyoisha, mara nyingi hujitokeza ugonjwa ukiwa umekwisha kuendelea. Yeyote mwenye dalili hizi afike hospitalini mara moja, bila kujali umri wake au kama alichanjwa.

Alama zilezile, saratani nyingine

Hadithi ya alama za protini haiishii kwenye mlango wa kizazi. Katika aina moja ya saratani ya damu, ile ya lukemia sugu ya mailoidi, jeni mbili huungana kimakosa na kutengeneza protini inayopachika fosfeti bila kukoma, kama swichi iliyokwama ikiwa imewashwa. Dawa ya vidonge iitwayo imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huiziba protini hiyo, na imewawezesha wagonjwa wengi kuishi kwa miaka mingi.

Katika baadhi ya saratani za matiti, protini ya HER2 huwa nyingi kupita kiasi juu ya seli, na fosfeti zinazopachikwa juu yake huamuru seli zikue mfululizo. Dawa ya trastuzumab hulenga HER2. Ndiyo maana daktari huagiza sampuli ya uvimbe wa titi ipimwe HER2 kabla ya kuamua matibabu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama kipimo hicho kimefanywa na matokeo yake ni yapi.

Maswali ambayo wazazi huuliza

*Je, chanjo ya HPV huwafanya wasichana kuwa tasa?* La. Chanjo ina ganda tupu la virusi linaloamsha kinga. Haigusi mayai wala kizazi. Kinachoweza kumnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe, kwani matibabu yake mara nyingi huhitaji kuondoa kizazi au kukichoma kwa mionzi.

*Kwa nini wavulana hawalengwi?* Wanaume pia huambukizwa HPV na wanaweza kupata saratani nyingine kutokana nayo. Lakini mzigo mkubwa zaidi ni wa wanawake, na wasichana wengi wakichanjwa, virusi hupungua katika jamii nzima.

*Aliyechanjwa anahitaji uchunguzi?* Ndiyo, akifika umri. Chanjo hulenga aina hatari zaidi, si kila aina ya HPV.

*Kuna madhara?* Maumivu au uvimbe mdogo mkononi, na wakati mwingine maumivu ya kichwa, homa nyepesi au kizunguzungu cha muda mfupi. Wasichana huombwa kukaa kwa dakika chache baada ya kudungwa ili waangaliwe.

La kufanya sasa

Mwaka 2020, WHO ilizindua mkakati wa kuitokomeza saratani hii. Kufikia 2030, kila nchi inatakiwa iwe imewachanja asilimia 90 ya wasichana kabla ya kufikisha miaka 15, imewachunguza asilimia 70 ya wanawake wakiwa na miaka 35 na tena miaka 45, na inawatibu asilimia 90 ya wanaopatikana na tatizo. Malengo hayo hutimizwa kijijini na mtaani, familia moja baada ya nyingine.

- Mwenye binti wa miaka 10 au zaidi ambaye hajachanjwa ampeleke katika zahanati au kituo cha afya, akiwa na kijitabu chake cha kliniki kama kipo.
- Mwanamke wa miaka 25 hadi 49 aulizie uchunguzi anapokwenda kliniki, hata kama ameenda kwa ajili ya mtoto au kupanga uzazi.
- Anayeishi na virusi vya UKIMWI aendelee na dawa zake na aombe uchunguzi katika kliniki anakochukulia dawa hizo.
- Aliyeambiwa arudi kwa matibabu ya seli zilizobadilika asiahirishe. Uchunguzi usiofuatwa na matibabu haumsaidii mtu.
- Kila familia ijisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147# au katika kituo cha afya, ili gharama za matibabu zisiwe kikwazo siku ya shida.
- Mume, baba na kaka wana nafasi yao. Nauli ya kufika hospitalini na muda wa kuacha kazi za nyumbani mara nyingi ndivyo vinavyoamua kama mama atachunguzwa au la.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba kwa nyumba wanaweza kueleza zaidi na kumwelekeza kila mwananchi katika kituo kinachotoa huduma hizi karibu naye.